"Shall" na "may" zifundishwe kwa Katiba

Mara nyingi shuleni, Kisumu na kwingineko nchini, "shall", "may" na "must" hufundishwa kama zoezi la kujaza mapengo. Mwanafunzi hukariri kwamba "may" ni ya kuomba ruhusa au kukisia, na "shall" ni ya wakati ujao. Mtihani ukipita, somo limekwisha. Naamini tunamnyima jambo kubwa, kwa kuwa katika sheria vitenzi hivi vidogo ndivyo vinavyotenganisha wajibu wa serikali na hiari yake. Kifungu cha 196 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinatumia "shall" kuliagiza bunge la kaunti lifanye shughuli zake hadharani na kuwashirikisha wananchi. Huo si utabiri, ni amri. Kisha kinasema bunge hilo "may not" kuwafungia nje wananchi au wanahabari, ila spika akiona, katika hali ya kipekee, kuwa ipo sababu ya haki. Mvuvi wa ufuo wa Dunga au mchuuzi wa soko la Kibuye, hapa Kisumu, aliyezoea "may" ya kukisia ataona kama bunge limeachiwa lipende lisipende, kumbe limekatazwa.

Wapo watakaosema kwamba hata "shall" haina nguvu majaji wakiamua vingine. Watataja Kifungu cha 81, kinachotumia neno hilo kuzuia jinsia moja kuzidi theluthi mbili katika mabaraza ya kuchaguliwa. Desemba 2012, majaji wengi wa Mahakama ya Juu walishauri kwamba kwa Bunge la kitaifa kanuni hiyo itekelezwe hatua kwa hatua; Jaji Mkuu Willy Mutunga alipinga. Lakini hata hao wengi walitaka sheria ya kuitekeleza iwe tayari kufikia Agosti 27, 2015. Walichobishania ni lini wajibu utimizwe. Kungeandikwa "may", pasingekuwa na wajibu wa kubishaniwa.

Wengine watataka sheria zitafsiriwe kwa Kiswahili na Kijaluo. Nawaunga mkono kwa dhati. Hata hivyo, miswada na hukumu nyingi bado huandikwa kwa Kiingereza, na mfasiri asiyetofautisha amri na hiari ataueneza upotoshaji kwa lugha mbili zaidi. Basi mwalimu alete darasani Kifungu cha 196, au notisi ya kaunti kuhusu ada za soko, awaulize wanafunzi: nani amelazimishwa hapa, nani ameruhusiwa, na nani amekatazwa?