Hakuna Aliyevuka Mgunda Mkali Peke Yake

Tunapinga fundisho kwamba mwamini ambaye sala zake zimekauka ana dhambi aliyoificha. Sisi wa Tabora tunaujua ukame. Wapagazi wa Kinyamwezi waliorudi kutoka Bagamoyo walipita Mgunda Mkali, nyika yenye shida ya maji, kabla ya kufika Unyanyembe. Walivuka kwa misafara, wala kiu haikuwa kosa lao. Dakta Livingstone mwenyewe, mwaka 1872, alingoja Kwihara takriban miezi mitano hadi wapagazi wake walipofika. Eliya chini ya mretemu alipewa mkate na maji, hakukaripiwa. Basi, ndugu, mwenzetu akiacha kuja jumuiyani, tusimpelekee lawama. Twende kwake, tule naye, tumwombee pale anaposhindwa kuomba. Mzigo wake tupokezane.