Waliopinga mwaka 1830 nao walikuwa wa zama hizo

Katika insha nyingi za wanafunzi wetu kuhusu Marekani ya karne ya kumi na tisa, nimekuwa nikikutana na hoja ile ile: kwamba Wazungu walisonga magharibi na kuwafukuza wenyeji kwa kuwa fikira za zama hizo zilikuwa hivyo. Walimu nao huitunukia alama. Mimi siiafiki hata kidogo.

Hebu tuitazame sheria ya mwaka 1830 iliyompa Rais Andrew Jackson uwezo wa kuwahamishia wenyeji ng'ambo ya mto Mississippi. Katika Baraza la Wawakilishi, 102 waliiunga mkono na 97 wakaipinga. Kura tano tu! Katika Seneti, Theodore Frelinghuysen wa New Jersey aliishambulia kwa siku tatu. Davy Crockett, mbunge kutoka Tennessee, jimbo la Jackson mwenyewe, aliikataa. Wanawake, ambao hawakuwa hata na haki ya kupiga kura, waliliandikia Bunge kulisihi liitupe. Je, hao hawakuwa watu wa zama hizo?

Wala wenyeji hawakuwa wazururaji wa mwituni, kama ilivyodaiwa. Wacherokee walikuwa wakulima. Sequoyah alikuwa amewabunia maandishi ya lugha yao. Mwaka 1827 wakajitungia katiba, na mwaka uliofuata wakaanzisha gazeti, Cherokee Phoenix, kwa lugha yao na kwa Kiingereza. (Matajiri wao, ni kweli, walimiliki watumwa.)

Kilichowaponza ni ardhi. Wenye mashamba ya pamba waliimezea mate, na dhahabu nayo ikagunduliwa Georgia. Isitoshe, katiba ya Marekani iliwahesabu watumwa watano kuwa sawa na watu watatu wakati wa kugawa viti, hivyo majimbo ya utumwa yakapata wabunge wa ziada zaidi ya kumi. Mwanafunzi na aweke idadi hiyo kando ya zile kura tano, kisha aniambie kama bado anaona ni fikira za zama tu zilizoamua. Yalikuwa ni maslahi, na maslahi hayo yalikuwa na wenyewe.

Mwaka 1832 Mahakama ya Juu iliamua kwamba sheria za Georgia hazina nguvu katika nchi ya Wacherokee. Georgia ikapuuza. Mwaka 1835 kikundi kidogo cha Wacherokee, bila idhini ya serikali yao, kilitia sahihi mkataba wa kuiuza nchi. Chifu John Ross alipeleka Washington malalamiko yenye maelfu ya sahihi. Hata hivyo, mwaka 1836 Seneti iliuidhinisha mkataba huo kwa kura 31 dhidi ya 15. Kwa kuwa theluthi mbili zilihitajika, lau seneta mmoja tu angegeuka, ungeanguka. Mwaka 1838 wanajeshi wakawatoa watu majumbani mwao, na inakadiriwa kwamba wapatao 4,000 walifariki kambini na njiani.