Daftari la Wiki: Mapepe ya Edo

Wajapani wana neno uwaki. Siku hizi hulitumia zaidi kwa mtu anayetoka nje ya ndoa, lakini katika mji wa Edo, yaani Tokyo ya leo, lilimgusa pia yeyote mwenye mapepe, asiyetulia, anayevutwa na kila king'aacho. Mwaka 1785 Santo Kyoden alilitia katika jina la kitabu chake cha michoro kumhusu Enjiro, mtoto wa tajiri mwenye hamu moja tu: kuvuma kwa mapenzi. Enjiro anajichora mwilini majina ya wapenzi asiowahi kuwa nao. Anamlipa mwanamke aje nyumbani kumng'ang'ania ili majirani wapate la kusema. Mwishowe anapanga kujiua kwa uongo pamoja na kahaba, na njiani wanavuliwa nguo na wanyang'anyi, kumbe ni baba yake na karani wake waliojificha nyuso. Aliyeandika haya hakuwa akiyasifu mapepe, aliyaanika.

Hata hivyo, mwaka 1791 serikali ya shogun (mtawala wa kijeshi), iliyoongozwa na Matsudaira Sadanobu, ilimtia Kyoden pingu siku 50 kwa vitabu vyake vingine vitatu kuhusu maisha ya madanguro, na mchapishaji wake, Tsutaya Juzaburo, akanyang'anywa nusu ya mali yake. Watetezi wa Sadanobu wana hoja nzito. Njaa kuu ya Tenmei ilikuwa imeua umati wa watu, na mwaka 1787 wakazi wa Edo walivamia maduka ya mchele. Kiongozi mwenye uchungu asingekaa kimya huku anasa ikipambwa vitabuni. Lakini njaa ile ilitokana na baridi kali, mlipuko wa mlima Asama mwaka 1783, na mchele uliohodhiwa. Hakuna kitabu kilichomnyima mtu chakula.

Wengine watasema vitabu hivyo viliwavuta vijana Yoshiwara, mtaa wa madanguro uliojaa wasichana waliouzwa na jamaa zao kwa sababu ya umaskini. Hapo nakubali: mateso ya wasichana hao yalistahili nafasi kubwa zaidi katika kalamu za wakati ule. Ila Yoshiwara ilikuwa na kibali cha serikali hiyohiyo, na haikufungwa hadi karne ya 20. Utawala uliomfunga mikono mwandishi na kuiacha biashara ya wasichana iendelee ndio uliolichukulia kijuujuu jambo lililokuwa zito.