Steam Deck, ROG Ally ama Legion Go? Kabla Utume Doo, Cheki Kama Itakubali FC

Wasee wa gemu, mlango wa bei ya chini umefungwa. Desemba 2025 Valve, ile kampuni ya Marekani yenye Steam, ilithibitisha kwamba imeacha kutengeneza Steam Deck ya LCD, ile ya 256GB iliyokuwa ikienda dola 399. Dola ikiwa shilingi 129 hivi, hiyo ilikuwa kama thao 51 kabla ya usafiri na ushuru. Sasa Deck ya kuanzia ni ile ya OLED iliyotoka Novemba 2023 kwa dola 549. Hapo tayari uko thao 70 na kitu.

Valve hawako peke yao. Oktoba 16, 2025, ASUS na Microsoft walitoa ROG Xbox Ally kwa dola 599.99, pamoja na kaka yake mkubwa ROG Xbox Ally X kwa dola 999.99. Hiyo ya pili ni thao 129. Kuna wasee Nairobi rent yao ya mwaka mzima haifiki hapo.

Halafu kuna maneno ya RAM. Tangu mwisho wa 2025 bei ya RAM na SSD imepanda dunia nzima, juu viwanda vinakimbilia kuuzia data senta za AI zenye doo ndefu. Micron, mmoja wa watengenezaji wakubwa wa RAM duniani, ilitangaza Desemba hiyo hiyo kwamba inaachana na Crucial, jina lake la kuuzia watu wa kawaida. Hizi kompyuta ndogo za gemu ni RAM, SSD, skrini na betri zilizofungwa pamoja. RAM ikipanda, nazo zinapanda. Kwa hivyo chukulia bei zote tunazotaja hapa kuwa za siku ya uzinduzi. Dukani leo unaweza kupata zimesonga juu.

Kukiwa hivi, kosa la kununua mashine isiyokufaa linauma zaidi. Na ushauri mwingi mtandaoni utakupeleka kwa kosa hilo moja kwa moja. Uliza popote "ninunue gani?" na utaambiwa Steam Deck. Kwa mtu wa Ohio anayecheza gemu za stori peke yake kwa kochi, jibu hilo ni sawa kabisa. Kwa msee wa Kayole ambaye maisha yake ni FC, inaweza kuwa thao 70 ya majuto.

Mtihani wa kwanza ni FC

Hapa Kenya gemu ni mpira kwanza. Ingia base yoyote ya PS mtaani, hesabu skrini zenye FC, halafu hesabu zilizobaki. Watu wameacha kuiita FIFA kwa karatasi tu, tangu EA ibadilishe jina 2023. Mdomoni bado ni FIFA.

Sasa sikia. EA Sports FC haianzi kwa Steam Deck. Haijalishi kama ni ya LCD ama OLED, haijalishi umeinunua kihalali. Sababu ni hii: Deck inatumia SteamOS, ambayo ni Linux. Gemu za Windows zinakubali humo kwa sababu ya Proton, programu inayotafsiri lugha ya Windows iwe lugha ya Linux wakati gemu inaendelea. Kwa gemu nyingi kazi hiyo inafanyika fiti hadi unasahau. Lakini FC huja na programu ya EA ya kunasa wadanganyifu, na hiyo inataka kukaa ndani kabisa ya Windows, pale kwa mzizi wa mfumo. Proton haina mzizi huo wa kuipatia. Mlinzi akikosa kiti chake, mechi haianzi, hata kama ulitaka tu kumchapa beshte hapo sebuleni bila intaneti.

FC ina wenzake. Valorant, Fortnite na Call of Duty Warzone zote zinagoma kwa SteamOS kwa sababu za aina hiyo. Apex Legends ilikuwa ikikubali, kisha EA ikafunga mlango wa Linux mwisho wa Oktoba 2024. GTA Online pia ilikufa kwa Deck Septemba 2024 Rockstar walipoongeza mlinzi wao. Stori ya GTA V bado inachezeka, lakini ile ya kuingia na mbogi mtandaoni imeenda.

Na usidhani ukikwepa Deck umekwepa shida. Lenovo Legion Go S ya SteamOS, iliyotoka Mei 2025, iko na kizuizi hicho hicho. Hiyo Legion Go S inauzwa ya Windows na ya SteamOS, na zinafanana kwa umbo. Soma boksi vizuri kabla hujalipa.

Kuna watakaokwambia, "Weka Windows kwa Deck." Inawezekana. Valve hutoa draiva, lakini kwa sharti kwamba ukikwama ni shauri yako. Ukianza hiyo safari umepoteza sababu kubwa ya kununua Deck, ambayo ni ule urahisi wa SteamOS.

Kambi ya Windows: inacheza kila kitu, lakini ina nyege zake za kukuchosha

ROG Ally, Legion Go ya kwanza, MSI Claw na Xbox Ally zote hutumia Windows 11. FC inaingia, Valorant inaingia, Fortnite inaingia. Kwa mtu wa mpira na mechi za mtandaoni, mjadala unaweza kuishia hapa.

Bei ya huo uhuru ni usumbufu. Windows ilitengenezewa kibodi na mausi. Kwa skrini ya inchi 7 utajikuta unatafuta kitufe cha kufunga dirisha kwa kidole kinene, ama apdeti inaingia wakati umepata dakika 20 za kucheza. Deck ukibonyeza kitufe inalala, ukibonyeza tena unarudi palepale mpira ulipokuwa. Mashine za Windows hazijawahi kufikia hapo vizuri. Xbox Ally imejaribu: inawaka moja kwa moja kwa ukurasa wa Xbox bila kupakia deskitopu yote, na hiyo inaokoa RAM. Ni hatua nzuri, lakini chini yake bado ni Windows.

Kwa nguvu, Deck ndiyo ya nyuma. Chipu yake inakula wati 15 kwa kiwango cha juu, na skrini ni 1280 kwa 800. ROG Ally ya 2023 ina chipu ya Z1 Extreme inayofika wati 30, na skrini ya 1080p ya 120Hz. Legion Go ya kwanza ndiyo jitu lenyewe: skrini ya inchi 8.8 na kontrola zinazochomoka kando. Lakini ina uzito wa gramu 854. Deck ya OLED ni gramu 640. Shika pakiti ya sukari ya kilo moja mbele ya uso kwa nusu saa, ndiyo uelewe tofauti hiyo.

Stima na betri

Hapa ndipo hesabu ya Nairobi inaachana na ya Ulaya. Kule mtu anacheza karibu na soketi isiyokatika. Huku token zinaisha, stima zinapotea, na ukiwa safarini ni wewe na betri yako.

Hesabu ni rahisi. Chukua Wh za betri, gawanya kwa wati ambazo mashine nzima inakula. Deck ya OLED ina 50Wh. Ikichezwa kwa nguvu zote, mashine nzima inaweza kula kama wati 25, kwa hivyo unapata kama saa mbili. Gemu nyepesi inasonga mbali zaidi. ROG Ally ya kwanza ina 40Wh. Ukiisukuma na ile nguvu yake yote, chipu, skrini na feni vinaweza kufika wati 35, na hapo ni saa moja na dakika chache. ASUS waliona hiyo aibu, na 2024 wakaleta Ally X yenye 80Wh kwa dola 799. Xbox Ally ya kawaida ina 60Wh, Xbox Ally X ina 80Wh.

Pawa benki inasaidia, lakini si yoyote. Deck huja na chaja ya wati 45, Ally ya wati 65, zote USB-C. Ile pawa benki ya bei ya chini ya kuchajia simu itaongeza betri polepole kuliko vile gemu inaimaliza. Tafuta iliyoandikwa PD na wati zake. Ile ya 20,000mAh ina kama 74Wh, na nyingine inapotea kama joto njiani.

Halafu tafadhali, usiichomoe kwa mat ukiwa dirishani. Wale jamaa wa kunyakua simu kwa jam hawajali kama ni OLED ama LCD.

Doo halisi na waranti

Valve hawauzi Deck rasmi Kenya. Inayopatikana hapa imeingizwa na muuzaji ama imebebwa na ndugu wa majuu. Hiyo inamaanisha mambo mawili. La kwanza, bei ya tovuti si bei yako. Deck ya shilingi 70,800 ukiiwekea VAT ya asilimia 16 tayari iko 82,000 na kitu, na hapo hujalipa usafiri, ada nyingine za forodha na faida ya muuzaji. La pili, waranti ya Valve haina ofisi hapa. Faraja ni kwamba iFixit huuza spea rasmi za Deck na kuonyesha bure vile inafunguliwa, kwa hivyo fundi mzuri wa laptopu anaweza kujaribu.

ASUS na Lenovo laptopu zao zimejaa mjini, lakini hiyo haimaanishi kwamba Ally iliyonunuliwa Dubai itatengenezwa hapa bure. Mwambie muuzaji akuandikie kwa risiti: waranti ni ya nani, miezi mingapi, na nikipeleka napeleka wapi. Akianza kuzunguka, umeshapata jibu.

Kumbuka pia gharama ya baada. FC peke yake inataka 100GB za nafasi. Kwa bando za simu hiyo ni kilio. Kama uko na Wi-Fi ya nyumbani na tayari gemu iko kwa kompyuta nyingine, Steam inaweza kuihamisha kutoka mashine moja hadi nyingine bila kuidaunilodi upya. Kulipia gemu, kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay itakuokoa kama huna ya benki.

Ukienda mtumba

Bei zikipanda, wengi watakimbilia za mkono wa pili. Sawa, lakini usilipe kabla ya kuishika. ROG Ally ya 2023 ina ugonjwa unaojulikana: ASUS wenyewe walikubali kwamba sehemu ya kadi ya SD inaweza kuharibika kwa sababu ya joto. Kwa hivyo beba kadi yako, cheza dakika 30 hadi mashine ichemke, kisha uone kama kadi bado inasomeka. Kwa mashine yoyote, sukuma vijiti vyote kila upande, chomeka chaja, na uhakikishe akaunti ya mwenyewe wa kwanza imetolewa. Muuzaji akikataa uijaribu, hepa.

Sasa uchukue gani?

Kama wewe ni wa gemu za stori, zile za Cyberpunk 2077, Elden Ring na Hades, chukua Steam Deck ya OLED. Skrini ni tamu, usingizi wake ni wa haraka, na hutasumbuka na Windows.

Kama ni FC na marafiki wa mtandaoni, Deck iondoe kwa orodha leo. Xbox Ally ya kawaida ndiyo ya kuanzia kwa mpya. Ukipata Ally X ya 2024 safi kwa bei ya kueleweka, betri yake kubwa ina maana zaidi huku kwetu kuliko nguvu za ziada.

Legion Go ya inchi 8.8 ni ya mtu atakayekaa nayo kwa meza. Xbox Ally X ya thao 129 ni ya mwenye hajawahi kufungua Fuliza.

Na kama gemu yako ni FC pekee, kuna jibu ambalo wauzaji hawatakupatia. FC 26 bado ilitoka hadi kwa PS4. PS4 ya mtumba na TV ambayo tayari iko kwa keja itakuchezesha FC, na pad mbili, kwa sehemu ndogo ya hii doo. Utakosa kucheza ukiwa umelala kitandani. Jiulize kama hicho kitanda kina thamani ya thao 80, kisha ndiyo uingie M-Pesa.