Kufungua faili si kufichua ukweli

SERIKALI yoyote inapotangaza kwamba imeweka wazi nyaraka za uchunguzi zilizofichwa kwa miaka mingi, wananchi hushangilia na wanasiasa hujigamba. Hata hivyo, wachache huuliza swali lililo muhimu zaidi: nyaraka hizo zimepangwa kwa mada zipi, na ni nani aliyezipa mada hizo majina? Faili isiyoweza kupatikana haina tofauti kubwa na faili iliyofungiwa kabatini.

Wakenya wana sababu ya kulijua jambo hili kuliko wengi. Mnamo 2011, kesi ya wazee walioishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso waliyotendewa wakati wa Hali ya Hatari iliilazimu serikali hiyo kukiri kwamba ilikuwa imehifadhi kwa siri, katika jumba la Hanslope Park, takriban faili 8,800 kutoka makoloni yake 37 ya zamani. Miongoni mwazo zilikuwamo faili za Kenya zipatazo 1,500. Juni 2013, Uingereza ilikubali kutoa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa ajili ya walalamishi 5,228. Faili zenyewe zilihamishiwa makavazi ya taifa ya nchi hiyo, yaliyoko Kew, London, ambako umma unaweza kuzisoma.

Kufikia hapo mtu angedhani mambo yamekwisha. Lakini anayeingia katika orodha ya faili hizo na kuandika neno “mateso” katika lugha ya Kiingereza asitarajie kupata picha kamili. Vichwa vya faili viliandikwa na maafisa wa kikoloni wenyewe, na maafisa hao hawakuwa na desturi ya kuyaita maovu yao kwa jina lake.

Mfano ni kambi za Mwea mwaka wa 1957. Mbinu ya kuwachanganya wafungwa wachache wakaidi na wengi waliokwisha kusalimu amri, kisha kuwapiga wale wachache hadi watii, ilipewa jina la “kuzimua”, kana kwamba ni maji yanayoongezwa katika pombe. Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana Evelyn Baring akitofautisha nguvu ya kulazimisha na nguvu ya kuadhibu, na akashauri kwamba kama ni kutenda dhambi, basi itendwe kimyakimya. Vilevile, wafungwa 11 walipouawa kwa kipigo kambini Hola tarehe 3 Machi 1959, taarifa ya kwanza ya serikali ilidai kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Mtafiti asiyejua kwamba kipigo kiliitwa kuzimua, na kwamba mauaji yaliwahi kuitwa maji, atapita kando ya ushahidi bila kuuona.

Isitoshe, lebo zilitumika kama kufuli. Uhuru ulipokaribia, faili zilitengwa makundi mawili: zile ambazo serikali mpya ingerithi, na zile zilizopigwa muhuri wa herufi W, ambazo hazikuruhusiwa kushikwa ila na afisa Mwingereza mwenye asili ya Ulaya. Mwaka wa 1961, Waziri wa Makoloni Iain Macleod aliagiza kwamba nyaraka ambazo zingeiaibisha serikali ya Uingereza, polisi, wanajeshi, watumishi wa umma au wapashaji habari zisikabidhiwe. Nyingine zilichomwa moto. Hivyo basi, hata tunachokitafuta leo ni masalio ya mchujo huo.

Je, kuna njia bora zaidi? Marekani ilijaribu. Sheria iliyopitishwa huko mwaka wa 1992 kuhusu mauaji ya Rais John F. Kennedy ilitaka kila hati iambatane na fomu ya utambulisho, na fomu hiyo huonyesha nambari, idara iliyotoa hati, tarehe na mada zake. Lakini shehena nyingine ya kurasa zaidi ya 60,000 ilipotolewa Machi 2025, orodha iliyowekwa mtandaoni ilikuwa ya nambari tu. Msomaji alilazimika kufungua faili moja baada ya nyingine. Papo hapo, nambari za siri za utambulisho za watu walio hai zikaanikwa hadharani. Haraka ya kufungua iliwanyima wasomaji mwongozo, na ikawanyima wasio na hatia kinga.

Mafunzo haya yanatuhusu moja kwa moja. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikusanya taarifa zaidi ya 40,000 kutoka kwa wananchi, na ikamkabidhi Rais Uhuru Kenyatta ripoti yake Mei 2013. Taarifa hizo zinahusu mauaji, ubakaji, unyakuzi wa ardhi na watu waliotoweka. Zikifunguliwa kwa umma, haitoshi kuzimwaga mtandaoni. Sharti ziwe na fahirisi ya mada kwa lugha ambazo mashahidi walizitumia, majina ya waathiriwa wa ubakaji yalindwe, na lebo ya afisa isifutwe bali iwekwe kando ya neno la mwathiriwa, ili msomaji aone pengo lililopo kati yao.

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Lakini yupo pia anayefichua kwa namna ya kuficha: anafungua mlango wa ghala lenye giza, kisha anaondoka na taa. Mjane wa Wagalla anayetaka kujua mumewe alikufaje mwaka wa 1984 hapaswi kwanza kubahatisha ni neno gani la kiserikali lililotumiwa kukizika kifo hicho.