Adui wa Kadiri: Funzo kwa Mtungaji wa Mazoezi

Mwalimu atungaye mazoezi ya hesabu na fundi atungaye michezo ya video wana tatizo moja. Kila mmoja humwekea mtu kikwazo, naye hutaka mtu huyo akishinde kwa jitihada zake mwenyewe. Kikwazo kikiwa chepesi mno huchosha. Kikiwa kizito mno hukatisha tamaa. Kwa hiyo si aibu kwa mwalimu kuichungulia karakana ya fundi huyo. Najua kwamba watoto wengi hupoteza saa nyingi katika michezo hiyo, wala siwatetei. Ninachokitazama hapa ni ufundi wa mtungaji.

Tuchukue mfano. Mwaka 1986 kampuni ya Enix ya Japani ilitoa Dragon Quest, mchezo uliobuniwa na Yuji Horii. Mchezaji huwa shujaa katika nchi ya kubuni yenye mazimwi na wachawi. Karibu na ngome ya mfalme maadui wa kwanza ni madonge ya ute, dhaifu kabisa. Ngome ya adui mkuu huonekana ng'ambo ya maji tangu mwanzo, lakini njia ya kuifikia ni ndefu. Kila avukapo daraja, shujaa hukutana na maadui wakali zaidi. Daraja lenyewe ni onyo. Akishindwa vitani hupoteza nusu ya dhahabu yake, lakini uzoefu alioupata haupungui.

Kwa maoni yangu, yapo mafunzo matatu katika ufundi huu.

Kwanza, ugumu si wingi wa tarakimu. Fundi mvivu humwongezea adui uhai tu, na mchezaji hulazimika kupiga pigo lile lile mara hamsini badala ya mara kumi. Horii aliweka jitu la matofali kulinda mji mmoja. Kulishinda kwa upanga ni kazi kubwa, lakini filimbi ya kichawi hulilaza usingizi. Adui huyo hudai fikra mpya. Nasi, tukitaka kuongeza ugumu, mara nyingi huandika 8,765 + 4,389 baada ya 65 + 89. Hatua ni zile zile, ila zimerefuka. Mpe mtoto 98 + 47 bila karatasi. Akigundua kwamba 100 + 45 huleta jawabu lile lile, yaani 145, ameipata filimbi.

Pili, mwenendo wa adui uweze kusomeka. Katika mchezo huo limo donge la chuma ambalo ni gumu kuumizwa, hupenda kukimbia, na likiuawa humpa mshindi uzoefu mwingi. Mchezaji akilikuta mara chache hutambua tabia zake na kupanga mbinu. Swali lenye mtego wa maneno halina tabia ya kutambuliwa. Halimpimi mtoto akili, humpima bahati.

Tatu, mwenye kukua ayaone matunda ya kukua kwake. Katika Oblivion, mchezo wa kampuni ya Bethesda ya Marekani uliotoka mwaka 2006, nguvu za maadui wengi hupanda pamoja na nguvu za mchezaji, hata mnyang'anyi wa njiani akaja kuvaa deraya za thamani kubwa. Wachezaji wengi walilalamika kwamba kukua kwao hakukuwa na maana. Katika Skyrim, mwaka 2011, kampuni hiyo hiyo iliwekea sehemu nyingi mipaka ya ukali. Mtoto apewaye kila siku hesabu mpya inayomshinda kidogo huamini kwamba hajui lolote. Basi, kila wiki mrudishie mazoezi machache ya mwezi uliopita, ayamalize upesi na kujiona alikotoka.

Walimu wanafunzi, mtoto wa Darasa la Tatu anaposema hana kichwa cha hesabu, mara nyingi amevushwa daraja kabla ya wakati wake, na huenda asirudi tena kulijaribu. Kabla ya kuandika zoezi ubaoni, jiulize: je, linadai fikra mpya au jasho tu? Je, mtoto aweza kulisoma? Je, akikosea, kile alichokwisha kukijua kitabaki salama mkononi mwake? Ukiona jawabu moja ni hapana, lifute zoezi hilo ulitunge upya.