Oveni si kabati la sufuria

Wasomaji wangu, leo tuiache tarakilishi kidogo tuingie jikoni. Msiniulize oveni na programu zinahusiana vipi, mtaona wenyewe.

Nyumba nyingi za Nairobi zina jiko la aina moja: sehemu tatu za kupikia kwa gesi, moja ya umeme, na chini yake oveni ya stima. Hebu ifungue hiyo oveni. Utakuta nini? Sufuria, vifuniko, sinia ya siku ya wageni, na kikaango kilichopoteza mpini. Ukiuliza kwa nini haitumiki, jibu ni lile lile: "Hiyo inakula tokeni!"

Sawa, inakula. Lakini inakula ngapi? Hapo kila mtu ananyamaza. Katika kazi yetu ya kuandika programu, mtu akija kulalamika kwamba kitu fulani kinakwenda polepole, swali la kwanza ni: umepima? Kama hujapima, hizo ni hisia tu.

Na kupima stima hakuhitaji digrii. Mita ya tokeni inakuonyesha uniti zilizobaki. Andika namba kabla ya kuwasha oveni, andika tena ukimaliza, kisha toa. (Zima pasi na hita ya maji ya kuoga kwanza, usije ukaisingizia oveni makosa ya wenzake.)

Hata kabla ya kupima, hesabu yenyewe ni nyepesi. Uniti moja ni wati 1000 zikitumika kwa saa moja. Oveni ya wati 2000 ikiwaka saa nzima bila kupumzika itakula uniti 2. Lakini haiwaki saa nzima! Ina thamostati: joto likifika pale ulipoweka, inakata stima, likishuka, inairudisha. Ndiyo maana ile taa ndogo huwaka na kuzima. Kwa hiyo uniti 2 ndizo nyingi kabisa zinazoweza kuliwa. Tuseme uniti moja ni shilingi 30 (wewe weka bei yako): haizidi shilingi 60. Kwa pesa hizo unaoka kuku mzima rafu ya juu, na trei ya viazi vitamu rafu ya chini, familia ikala ikashiba.

Sasa nigeukie upande wa pili, msije mkasema nimeajiriwa na wauza oveni. Kupasha moto sahani moja ya pilau kwenye oveni ni kutupa pesa. Ukiiwasha dakika 15 ili ishike moto, nusu uniti imekwenda, yaani shilingi 15, na pilau bado ni baridi. Maikrowevu inayovuta wati 1200 kwa dakika 3 inatumia uniti 0.06, haifiki hata shilingi 2. Oveni ni kama matatu, haifai kuondoka na abiria mmoja. Ijaze au uiache. Ila kama kiporo chenyewe ni sambusa nyingi au kuku wa kuokwa, oveni inarudisha ule ukavu wa nje, ilhali maikrowevu itakupa kitu laini kama sponji.

Kwa nini tuhangaike kuoka wakati tunaweza kuchemsha? Nairobi iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Sufuria ya maji isiyo na presha haitapita hapo hata uipigie magoti. Nyama hupata rangi ya kahawia na ile harufu inayoita majirani ngozi yake ikikauka na kufika karibu nyuzi 140. Kwa hiyo mfute kuku maji kabla ya kumwingiza, na usijaze vipande kwenye trei hadi vikalaliana. Vikibanana, mvuke unakwama katikati na utakuwa umechemsha ukidhani unaoka. Grili nayo ni koili ya juu inayopiga joto moja kwa moja, basi iachie dakika za mwisho, na usiondoke hapo.

Kuna kipimo cha pili, na hiki kinahusu afya. Ile namba kwenye kitufe cha oveni ni ahadi tu. Oveni inaweza kuwa juu au chini ya namba hiyo, tena thamostati inasoma joto la hewa, haijui kinachoendelea ndani ya paja la kuku. Rangi ya nje nayo si ushahidi, kwani ngozi inaweza kuiva na karibu na mfupa bado kuna damu. Nunua kipimajoto cha nyama. Kichome sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa. Kikisoma nyuzi 74, kula. Kiporo nacho kikipashwa kifike hapo hapo, katikati, si pembeni.

Lakini moto hausamehe kila kitu. Wali uliolala mezani usiku kucha unaweza kuwa na sumu ya bakteria iitwayo Bacillus cereus, na sumu hiyo haivunjwi kwa kupashwa moto. Chakula kiingie friji kabla ya saa mbili kupita, la sivyo kimwage.

Msimamo wangu ni huu: anayeogopa oveni kwa sababu ya bili na anayeamini kuku ameiva kwa sababu ana rangi, wote wanakisia. Wa kwanza anajinyima chakula kizuri, wa pili anaweza kulaza wageni hospitali.

Jumamosi hii toa hizo sufuria, soma mita, oka, soma mita tena. Kisha niletee namba zako hapo chini kwenye maoni. Namba zikinipinga, tutajadiliana. "Inakula tokeni" peke yake sijibu.